Habari za Mji Uliopotea, Kupitia Kinywa Changu

Jumanne, 4 Juni

Watu tisa! Mama Saluni wa mtaa wa nyuma alipata saba tu, na wawili kati yao walikuwa wanangoja zamu ya kusukwa. Hao si wasikilizaji, hao ni wateja. Nimeshinda.

Nieleze kidogo, kwa faida ya watakaosoma nikishakuwa mtu mashuhuri. Mimi ni fundi wa makochi. Karakana yangu ni chumba cha mbele cha nyumba, mlango unatazama barabara. Tangu mke wangu afariki, mwezi wa pili, nyundo haikai vizuri mkononi. Basi alasiri moja nilijinyoosha kwenye kochi la mteja, mlango wazi, kopo la gundi wazi, nikapitiwa na usingizi. Nikaamka nasema. Nasema habari za mji wa kale, uliopotea zamani hata jina lake halijulikani: kuta zake, visima vyake, nani kanuniana na nani. Anayesema si mimi. Ni Bawabu, aliyelinda lango la mji ule na kumjua kila mpita njia na mzigo wake. Mimi ni kinywa tu. Muuza maziwa alinisikia, akaita wenzake.

Mwanzo nilidhani ni gundi. Nimeifunika. Mji bado unakuja.

Haikupita wiki, Mama Saluni naye akashukiwa na mtu wa kale. Na nani? Na Binti Mfalme! Wa mji huohuo! Huko kwake ni dhahabu na marashi kutwa kucha. Nilimtuma muuza maziwa akamuulize: vyombo vya Binti Mfalme aliosha nani? Mpaka leo sijajibiwa.

Jambo jingine dogo. Mama mkwe, aliyekuja kumuuguza binti yake, bado yuko hapa. Hali chakula. Hasemi. Anakisogezasogeza kwenye sahani mpaka kinapoa. Shemeji amepiga simu: mama yake asipoanza kula, Jumamosi ya wiki ijayo anakuja kumchukua. Nimemwambia ni sawa kabisa. Nyumba itapata nafasi. Ni sawa kabisa.

Jumatano, 5 Juni

Mwalimu mstaafu kaja kudai kochi lake. Analidai tangu mwezi wa tatu. Kochi lipo, nimelivua kitambaa upande mmoja, lakini likiondoka watu watakaa wapi? Nilipomwona anavuka barabara na mwavuli wake, nikafumba macho. Bawabu akashuka upesi, Mungu ambariki. Akatamka kwa sauti nzito kwamba kitu cha mbao hakiharakishwi. Mwalimu akasema haya, atasubiri sauti imalize, kisha azungumze na fundi. Akakaa kwenye kochi lake mwenyewe.

Leo Bawabu alisimulia asubuhi ya mke wa mfinyanzi. Mwanamke wa kawaida tu, nyumba ya tatu kutoka langoni. Jinsi anavyoligombeza jiko lisipowaka: amka, mvivu wee, wenzio wameshachemsha! Jinsi anavyoshona kifungo kilichodondoka kwa uzi mwekundu, hata nguo iwe nyeupe, ili ijulikane kuwa hiki kiliwahi kupotea kikapatikana. Mwalimu akanyoosha mkono. Akasema watu wa kale hawakuwa na vifungo, walijifunga mashuka. Bawabu akashikilia: vifungo vilikuwepo. Vikubwa! Likazuka zogo. Watu walifurahi sana.

Mama mkwe alikuwa anapita na ndoo ya maji. Alisimama mlangoni mpaka mwisho, ndoo mkononi, asiitue. Jioni akala nusu sahani. Nadhani ni chumvi. Leo sikuizidisha.

Alhamisi, 6 Juni

Siamini macho yangu. Mama mkwe alifika karakana kabla ya wote, akakaa mbele kabisa. Kavaa gauni lake la bluu la kutokea. Kifungo cha pili kimeshonwa kwa uzi mwekundu, sijui kipofu gani alikishona. Mwalimu alikitazama kifungo kile muda mrefu. Kuhusu vifungo vya watu wa kale hakubisha tena.

Katikati ya maelezo mama akakohoa kidogo. Akaomba, kwa adabu zote, Bawabu aulizwe kama mke wa mfinyanzi bado anaumwa mgongo. Bawabu akajibu kwamba unamuuma akiinama, ila siku hizi mumewe kamjengea kibaraza kifupi cha kukalia anapochambua mboga. Mama akatikisa kichwa. Akasema kibaraza kilichelewa, lakini bora kimekuja.

Usiku alimaliza sahani yake. Akaongeza! Akaniuliza kama nimeshiba. Hajaniuliza neno tangu msiba.

Ni wazi kipaji changu kinakua. Yule bibi hajui lolote kuhusu miji ya kale na bado amenogewa. Nimempigia shemeji kumwarifu kwamba mama anakula, safari haina haja. Akasema atakuja vilevile, ajionee.

Ijumaa, 7 Juni

Mama ametengeneza uji asubuhi. Tulikunywa wote mezani. Aliniuliza nini kitasimuliwa leo. Nikamwambia sijui, mimi ni kinywa tu. Akasema basi kinywa kinywe uji kisije kikakauka.

Alasiri Bawabu alieleza siku ya kufua. Mke wa mfinyanzi anaimba wimbo mmoja tu na anausahau palepale kila mara, anamalizia kwa mluzi. Mama akacheka. Kwa sauti! Nilishtuka nikafumbua macho, na mtu aliyeshukiwa hafumbui macho. Ikabidi nianguke chini kidogo kuficha.

Watu walipoondoka Mwalimu alibaki. Nilijua ni kochi. Lakini hakutaja kochi. Aliniambia polepole, kama anavyosema na mtoto aliyekosa hesabu, kwamba mke wa mfinyanzi ni marehemu mke wangu na kila mtu mtaani anajua. Nilikasirika. Nikamwambia wanawake wa enzi zote hufua na huimba, ni sadfa. Akaniuliza kama wote husahau palepale. Nikamwambia kochi litakuwa tayari mwisho wa mwezi.

Jumamosi, 8 Juni

Balaa. Muuza maziwa, ambaye hunywa chai kwangu na kupeleka maneno kwa adui, kaja mbio. Mama Saluni ametangaza kwamba Binti Mfalme atasimulia Siku ya Mwisho. Jinsi mji ulivyoangamia. Kwa maji! Watu wote wamehamia kwake. Kwangu kabaki mama mkwe, muuza maziwa na mbuzi wa jirani.

Sikukubali. Nilitoka mpaka njia panda nikatangaza kwamba Bawabu amekana maji. Ni vumbi. Mama Saluni akatoka na kitana mkononi, akasema vumbi halizamishi mji. Nikasema maji hayapandi mlima. Akauliza nani kasema kulikuwa na mlima. Nikasema mimi! Watu wakagawanyika, wengine maji, wengine vumbi. Bawabu alikuwa bado hajaniambia neno kuhusu mlima, lakini mwanaume hushikilia kauli yake.

Jumapili, 9 Juni

Kikao cha upatanishi. Mwalimu alikuwa mwenyekiti kwa sababu hakuna mwingine aliyethubutu. Imeamuliwa: Jumamosi ijayo, kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mwenye viti. Mama Saluni atasimulia mwisho wake, nami nitasimulia wangu, mtaa uamue. Nilirudi nyumbani natembea kifua mbele. Ukumbi wangu! Viti vyangu! (Vya wateja, lakini viko kwangu.)

Nilikuta mama hajagusa chakula. Kikombe cha chai kimeganda utando. Akaniuliza mimi, si Bawabu, kama ni lazima ule mji uangamie. Nikamweleza kitaalamu: mama, mji uliopotea usipopotea ni mji tu kama miji mingine, nani atakuja kusikiliza? Akasema sawa, baba. Akaingia chumbani.

Nilimwachia sahani mezani. Mpaka usiku huu iko vilevile. Jumamosi ndiyo siku ya shemeji. Akija akamkuta hivi, atambeba. Na nikipoteza msikilizaji kama yule, nani ataniuliza maswali? Nasema kwa ajili ya kazi tu.

Jumanne, 11 Juni

Nimepata mbinu! Rahisi mpaka nilicheka peke yangu. Mji utaangamia, sawa, lakini mke wa mfinyanzi hatakuwepo. Nitamtoa mapema. Mji upotee, mwanamke apone, mama ale, shemeji arudi mikono mitupu. Ndege wawili, wanne hata.

Basi leo Bawabu alitangaza kwamba mke wa mfinyanzi amefunga safari kwenda kwa ndugu, mbali, ng'ambo ya milima. (Milima sasa ipo.) Nikasikiliza kwa sikio la ndani. Kisha mama akasimama.

Akasema haiwezekani. Mgongo ule haupandi mlima. Na mumewe kamwachia nani, mtu ambaye hata nazi hajui kuikuna? Na hawezi, akasema, hawezi kuondoka bila kuniaga mimi. Akajirekebisha: bila kumuaga mama yake. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshukiwa.

Ikabidi Bawabu amrudishe kutoka njiani. Alikuwa amesahau kitu. Mbinu imekufa.

Alhamisi, 13 Juni

Maji ya shingo. Mama hajala tangu juzi ila uji kidogo. Nilimeza kiburi nikaenda saluni, kwa mlango wa nyuma, na kofia. Lengo: kumlaghai adui aahirishe.

Mama Saluni alikuwa peke yake anafagia nywele. Nikaanza kwa mbali, nikasifu kioo chake. Akaniambia fundi, sema kilichokuleta. Nikasema labda Binti Mfalme angeumwa Jumamosi. Mafua tu. Akaweka ufagio chini.

Akasema yuko tayari kutangaza kwamba mji haukuangamia kabisa, watu walihama tu, nami nitangaze hivyohivyo, yaishe. Kisha akanionyesha kiti cha dirishani. Akasema pale ndipo alipokuwa akimsuka mke wangu, na nywele zilipoanza kunyonyoka ndipo alipomnyoa, wakicheka wote wawili ili wasilie. Akasema hawezi kukitazama kile kiti mchana kutwa, na siku aliyosikia kwamba kwangu mtu akifumba macho anaona mji mwingine, naye alifumba.

Nilisimama na kofia yangu. Nikapangusa macho kwa kofia, nadhani ni zile dawa za nywele, ni kali sana. Halafu nikashtuka: huu ni mtego! Nitangaze kwamba watu walihama, yeye aje na maji yake, mimi nionekane mjinga mbele ya mtaa mzima! Nikamwambia asante, vumbi ni vumbi. Nikatoka. Karibu anikamate.

Jumamosi, 15 Juni

Mengi yametokea. Nitaandika kwa mpangilio.

Shemeji alifika mchana na begi tupu la mama yake. Alimtazama mama, akanitazama mimi. Akakaa nyuma. Mwalimu naye akaja na mtu wa mkokoteni, kuchukua kochi lake leo hiihii, liwe limeshonwa au halijashonwa. Akakuta watu wanne wamelikalia. Akasema basi, tusikilize kwanza. Mtu wa mkokoteni akaketi kwenye mkokoteni.

Mama Saluni alianza. Maji yalikuja, akasema, na Binti Mfalme alikuwa amelala, hakuona kitu. Akafumbua macho. Amemaliza. Watu wakaguna, wengine wakazomea. Nilijua nimeshinda kabla sijafungua mdomo.

Nikafumba macho. Bawabu akaleta vumbi. Likatokea mbali, jekundu, polepole, watu wakianika nguo bila habari. Vizuri sana. Hapo mama mkwe akauliza mke wa mfinyanzi alikuwa wapi.

Nilitaka kusema nyumbani. Bawabu akasema: alikuwa kwenye ile nyumba ndefu yenye vitanda, mwisho wa mji. Sijui kwa nini alisema hivyo. Hatukuwahi kuwa na nyumba ya namna ile. Mwalimu hakubisha.

Mama akauliza: nani alikuwa naye?

Niweke jambo moja hapa kwa ajili ya kumbukumbu tu, halihusiani na mji wa kale. Siku ile ya mwezi wa pili, mimi na mama tulifika hospitali tumechelewa, saa ya kuona wagonjwa imepita. Mlinzi alifunga geti. Akatuambia turudi jioni, sheria ni sheria. Tulikaa nje ukutani, mama kapakata chakula kwenye kitambaa. Jioni geti lilipofunguliwa hakukuwa tena na wa kumlisha. Hatujawahi kulizungumza.

Nani alikuwa naye, mama akarudia.

Bawabu akasema: siku ile mimi ndiye niliyekuwa langoni. Nilifungua. Sikumuuliza mtu saa. Mama yake alipita wa kwanza, na chakula bado cha moto, mumewe nyuma yake. Niliwaonyesha njia mwenyewe. Mama akakaa upande wa kichwa, mume upande wa miguu, akaishika, ilikuwa na baridi, akaipasha. Mke akala vijiko vitatu. Akasema chumvi imezidi, nani kapika leo? Wakacheka. Akaanza ule wimbo wake. Alipofika pale anaposahau, hakusahau. Akaendelea mpaka mwisho. Ndipo vumbi likafika, taratibu, wala hakuna aliyeogopa.

Nilipofumbua macho watu wote walikuwa wanalia. Mwalimu, muuza maziwa, mtu wa mkokoteni kajifunika kofia. Mama Saluni alitoka nje. Mimi uso wangu ulikuwa umelowa, ni kawaida ya mtu aliyeshukiwa.

Mama akaja akanishika mashavu kwa mikono miwili. Akasema: "Asante, baba. Nilikuwa sijamuaga. Sasa nimemuaga."

Kisha akaingia ndani, akala. Akala sahani nzima, shemeji akishuhudia! Nilimtazama shemeji kwa ushindi. Nikamwambia umeona? Amepona, hana haja ya kuondoka.

Mama akanawa mikono. Akachukua lile begi, akaanza kupanga nguo zake. Akasema sasa anaweza kwenda.

Sikuelewa. Bado sielewi. Niliwabebea begi mpaka kituoni nikimweleza kwamba Jumanne kutakuwa na habari za soko la samaki wa kale. Aliniombea dua, akapanda. Niliporudi, kochi la Mwalimu halikuwepo. Kalichukua na upande wake usio na kitambaa.

Jumapili, 16 Juni

Nyumba ina nafasi kubwa mno.

Mama Saluni aligonga mchana. Nilimchungulia dirishani. Ana sufuria kaifunika kwa kitambaa. Aliita fundi, fundi, ule kidogo hata kama hutaki watu. Sikufungua. Namjua, amekuja kupeleleza kama ninaandaa mji mpya. Akaiacha sufuria kizingitini, akakaa karibu yake muda, kisha akaondoka. Nilimpa mbuzi chote. Nimekula mkate.

Alhamisi, 20 Juni

Nimefikiri siku nne na nimegundua kosa. Lilikuwa vumbi! Lilizidi. Msimulizi mwerevu hamalizi hadithi, na mimi kwa tamaa ya kumshinda mwanamke wa saluni nilimaliza. Mtu akiona mwisho huondoka, hata sinema ni hivyo.

Kwa bahati, asubuhi hii Bawabu ameleta taarifa nzito: mji haukupotea wote. Mtaa mmoja ulibaki! Vumbi liliuruka. Na katika mtaa huo, nyumba ya tatu, kuna moshi wa jiko.

Nimempigia shemeji hapohapo. Nikamwambia mwambie mama kuna habari mpya, aje haraka, mke wa mfinyanzi yu hai na anamuulizia. Shemeji akasema mama anakula, analala usiku kucha, anakwenda bustanini na wajukuu, na hataki mtu amrudishe pale. Akaniita kaka, akaniomba nami nipumzike. Nikamwambia amwamshe. Akakata. Hii mitandao ya simu siku hizi haifai kabisa.

Hakuna shida, ataletewa habari na watu. Leo nimeshika nyundo kwa mara ya kwanza tangu msiba, na haikuniponyoka. Nimemtengenezea mama kiti chake mwenyewe. Kifupi, kwa sababu ya magoti yake, na sponji mbili mgongoni. Nimekiweka mbele.

Muuza maziwa kafika alasiri, na wengine wawili. Wakauliza kwa nini hatuanzi. Nikawaambia wasikae kwenye kile kiti, kina mwenyewe. Tungoje kidogo, mama yuko njiani.